Pweza wa Nusu Kilo

Daftari la mama yangu mdogo lilikuwa na jalada la kijani, na karatasi zake zilinuka shombo hata baada ya kukaa wiki mbili juu ya meza yangu mjini. Nililifungua kwa nia ya kulitafutia kosa. Nasema hivi mwanzoni ili asije mtu akadhani kosa nilikutana nalo tu, kama mtu anavyokutana na shilingi barabarani.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili, mambo ya viumbe wa baharini na namna wanavyotunzwa. Kijijini alikozaliwa mama yangu, upande wa mashariki wa Unguja, watu walikuwa wamekubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Ikifungwa, haingii mtu kuvua pweza. Kisha inafunguliwa, wanavua, wanaifunga tena. Watu wa mradi wa kutunza bahari walisema pweza hukua upesi, ukimwacha kidogo tu unamkuta mkubwa, na kwa hivyo kila mtu anafaidika. Walilisema jambo hili kwa furaha, na jambo likisemwa na watu wengi kwa furaha mimi huanza kulishuku. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Chuo cha Kurani niliwahi kutolewa nje kwa kuuliza "nani kasema?" mara tatu asubuhi moja, na nilikaa pale kibarazani nikijiona shujaa.

Basi nikachagua utafiti wangu uwe huo: je, kufunga mwamba kunasaidia kweli, au ni maneno ya semina?

Mama mdogo ndiye aliyekuwa mwandikaji wa kijiji. Walimchagua kwa sababu mwandiko wake unasomeka na kwa sababu hakuwa na ugomvi na mtu. Maji ya bamvua, yale yanayotoka mbali sana mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, wanawake huteremka mwambani na nondo zao na mapakacha. Yeye pia huteremka, maana ameshika nondo tangu hajavunja ungo. Lakini yeye hurudi kabla ya wenzake, na kanga yake imeroa mpaka magotini, ili awahi diko, pale pwani mavuno yanapoletwa kupimwa. Pale diko hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya kibanda cha makuti, mizani ikining'inia kwenye boriti. Kila mwanamke hutundika pweza wake, mama mdogo husoma uzito kwa sauti wote wasikie, ndipo anaandika.

"Huyu wangu kakonda leo," mama mmoja alimwambia siku ya kwanza nilipokwenda kuangalia. "Hajala tangu juzi."

"Kakonda yeye au umekonda wewe kwa wivu? Nusu kilo. Mwengine."

"Na mimi je?" akadakia wa pili. "Ongeza basi robo, wallahi ntakuombea dua."

"Niombee bila ya robo. Nusu kilo. Mwengine."

Pweza asiyefika nusu kilo haruhusiwi kuvuliwa. Hiyo ndiyo sheria, na kila mtu pale diko aliijua.

Nilichukua daftari, nikarudi nalo mjini, nikaingiza uzito wa kila pweza kwenye kompyuta, kisha nikachora grafu. Nilichokiona kilinifurahisha kuliko inavyostahili. Chini ya nusu kilo hapakuwa na kitu. Kwenye nusu kilo palisimama mnara. Baada ya hapo mstari ulishuka ghafla, pweza wachache wa kilo, wachache zaidi wa kilo na nusu. Darasani tulifundishwa kwamba namba zikijazana mahali pamoja, usitazame kilichopimwa, tazama mkono uliopima. Bahari haijengi minara. Nikajua, au nikasema najua: wanawake wanaleta pweza wadogo, na mama mdogo, kwa huruma au kwa ujirani, anawaandika nusu kilo wasije wakaonekana wamevunja sheria.

Nakumbuka hata nilimsamehe. Nilikaa pale mezani nikamhurumia, nikasema moyoni, maskini, anaishi nao, angefanyaje. Katika yote niliyoyafanya, huo msamaha ndio unaonitia haya zaidi.

Sikumuuliza. Mimi ninayemuuliza muuza maembe aliyajuaje kuwa ni matamu, sikumuuliza mtu aliyewapima pweza mmoja mmoja kwa mkono wake. Nilijiambia kumuuliza kutaharibu ushahidi. Na si kwamba hatukuzungumza. Wiki ile ile alinipigia simu, anataka nimtazamie bei ya sufuria kubwa Darajani, kwa sababu kulikuwa na harusi inakuja na ya kwake imetoboka. Nilimjibu huku grafu iko wazi mbele yangu. Nikamwambia bei, nikamwambia nina kazi, nikakata.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja Mji Mkongwe, wenye baridi ya mashine iliyowafanya wazee wa vijijini wajikunyate. Walikuwepo watu wa mradi, maofisa wa uvuvi, na wenyeviti wa kamati za vijiji. Nilipewa dakika kumi. Nikaonyesha mnara wangu ukutani, mkubwa kama mlango, nikasema kwamba takwimu za kijiji hiki haziwezi kuaminika kwa sababu mwandikaji amekuwa akiwapandisha pweza wadogo hadi nusu kilo.

Ofisa mmoja mtu mzima akaniuliza, "Una hakika, binti? Umezungumza naye?"

Nikasema, "Takwimu hazina undugu."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji kile hakucheka. Yeye alinijua mimi ni mtoto wa nani. Alinitazama, kisha akaitazama meza, akaanza kuikunja karatasi yake ya ratiba mpaka ikawa ndogo kama kidole.

Jioni ile wenzangu walinichukua Forodhani. Tulikula mishikaki ya pweza, tukagombana nani alipe, na mmoja akasema hajaona mtu jasiri kama mimi. Nilikubali sifa ile. Niliila pamoja na pilipili.

Habari nilizipata kwa mama yangu, siku ya Ijumaa, anachagua mchele kwenye sinia.

"Mdogo wangu kanyang'anywa daftari," akasema bila kuinua macho.

"Hajanyang'anywa, mama. Wamebadilisha mwandikaji, ni jambo la kawaida kwenye…"

"Nani kasema?"

Aliendelea kuchagua mchele. "Mwenyekiti kaja diko, kaitungua mizani mbele ya watu. Mdogo wangu keshashika pweza wa mtu mkononi, anataka kumtundika. Kabaki kamshika tu, hajui amweke wapi." Akatupa kijiwe kimoja nje ya sinia. "Na sasa huko kijijini kuna neno jipya. Mtoto akisema keshasali, wanamwambia nusu kilo hiyo. Mtu akisema kapigiwa simu na mwanawe aliyeko Maskati, nusu kilo hiyo. Mdogo wangu akipita, wananyamaza, kisha wanacheka."

"Mimi sikutaja jina lake."

"Hukutaja," akasema. "Waandikaji wako wangapi pale?"

Nilikaa zaidi ya mwezi kabla ya kwenda. Nilisingizia masomo. Nilipokwenda nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote, akanipa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akanitandikia kitanda. Heri angenitukana. Baada ya kula nikaanza kumweleza habari ya grafu, namna namba zinavyotakiwa kujitawanya.

"Nshafahamu," akanikatiza. "Walinieleza. Kesho bamvua. Utakwenda na mimi au utabaki na kompyuta?"

Asubuhi tuliteremka. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, mwamba umebaki wazi na madimbwi yake, wanawake wametawanyika wameinama kila mahali. Mama mdogo alitembea haraka, mimi nyuma yake nikiteleza na raba zangu mpya. Akasimama penye shimo nisilotofautisha na mashimo mengine. Nje yake palikuwa na magamba ya kaa yaliyovunjwavunjwa.

"Tazama alichokula," akasema. "Kaa wadogo wadogo hawa. Mwenyewe bado mdogo." Akaelekeza nondo pembeni. Juu ya shimo palikuwa na jiwe jeusi, bapa, limekaa pale kwa namna ambayo bahari haiwezi kuliweka. "Unaliona?"

"La nini?"

"Langu. Nimeliweka bamvua lililopita." Akanionyesha jingine hatua chache mbele, jeupe. "Lile la yule mwenye nyumba ya bati jekundu. Na kule, la mkwewe."

Ndipo akanieleza, huku tunatembea, bila kunitazama. Mwanamke akimkuta pweza mdogo hamtoi. Anaweka jiwe, na jiwe linasema huyu ana mtu. Mwengine akipita analiheshimu. Kila bamvua mwenye jiwe anakuja kumtazama mtu wake. Wengine wanahama, basi bahati yao. Wengine wanabaki na wanakua. Zamani jiwe lilikuwa halina mwisho, na watu waligombana sana, mtu anaweka mawe mwamba mzima kama ameurithi. Sheria ilipokuja, wanawake wenyewe walikaa wakakubaliana: jiwe lilinde mpaka nusu kilo. Pweza akishafika hapo, jiwe halina kazi tena, ni wa yeyote atakayetangulia.

"Kwa hivyo siku akifika…" nikasema.

"Siku akifika unamtoa siku hiyo hiyo. Ukimwacha akafika kilo, atakuwa kwenye pakacha la mtu."

Nilisimama. Maji ya dimbwi yalikuwa yananifika kwenye vifundo vya miguu. Mnara wangu ulikuwa pale chini, kwenye mashimo, jiwe kwa jiwe. Wanawake hawa walikuwa wakiishika sheria kwa usahihi ambao ofisa yeyote angeutamani, mpaka pweza wao wote wakafanana, na mimi nikauita usahihi ule uongo.

"Kwa nini hukunambia, mamdogo?"

Akachokoa shimo jengine kwa nondo, akasikiliza, akaendelea mbele. "Siku ile nilokupigia simu ya sufuria," akasema. "Ulikuwa ushayajua haya ya daftari?"

"Nilikuwa nimeshayajua."

"Basi ndo maana ulinitajia bei mbio mbio."

Siku ile nilibeba pakacha lake mpaka diko, na hakuna aliyenitania, jambo ambalo kwa wanawake wale lilikuwa baya kuliko matusi.

Nilirudi mjini nikaiandika upya sura nzima. Niliandika habari ya mawe, nikafuta lawama. Na hapa pana jambo ambalo sijawahi kumwambia mama mdogo: sura ile ndiyo iliyonipa shahada. Msimamizi wangu alisema ndiyo sehemu bora ya kazi yote, kwamba nimegundua utaratibu wa uvuvi ambao vitabu havijautaja. Nimegundua. Niliona haya, lakini niliona haya huku natabasamu kwenye picha na joho langu. Marekebisho yangu yalibaki kwenye maktaba ya chuo, na mtu wa kijiji kile angehitaji kitambulisho kuingia humo kusoma kwamba mama mdogo si mwongo.

Baadaye nikapata kazi kwenye ofisi ile ile ya mradi. Kila mwezi takwimu za vijiji zinakuja kwangu. Mwandikaji mpya wa kijiji kile alikuwa kijana, mtoto wa ndugu yake mwenyekiti, na anaandika kwenye simu. Nilipozichora namba zake kwa mara ya kwanza, mnara haukuwepo. Palikuwa na mteremko mzuri, laini, pweza wa kila uzito, kama wa kwenye kitabu.

Bosi wangu akaja kusimama nyuma ya kiti changu. "Sasa hizi ndizo takwimu," akasema. Kwenye ripoti akaandika mwenyewe sentensi moja: kwamba tangu mwandikaji abadilishwe, udanganyifu umekwisha.

Niliisoma sentensi ile mara nyingi. Mama mdogo alikuwa amefanywa mwongo mara ya pili, na safari hii kwa karatasi yenye muhuri.

Nilidhani labda wanawake wameacha mawe yao. Nikaenda. Nilimkuta kijana diko, anafuta mizani kwa kitambaa. Alikuwa mpole, akanipisha ndoo yake nikae.

"Mbona pweza wa nusu kilo wamepungua?" nikamuuliza.

"Hawajapungua, dada. Wapo tele."

"Kwenye orodha yako hawamo."

"Aa." Akacheka kidogo, kama mtu anayesifiwa. "Nnawatenganisha. Huyu nampa gramu mia tano na arobaini, yule mia sita na kumi. Mmoja mmoja nampa na kilo. Si wewe ulosema wakifanana sana ni uongo? Mimi staki kuja kunyang'anywa simu mbele ya watu."

Hakuwa na haya, na hakuwa na sababu ya kuwa nayo. Alikuwa amenisikia, akanifuata, labda ndiye mtu pekee aliyewahi kuifuata kazi yangu neno kwa neno.

Nilipomweleza bosi, alikasirika, si kwa ajili ya mama mdogo, bali kwa ajili ya ripoti ambayo ilikuwa imeshatumwa. Hatimaye akakubali namba za kijana zitupwe. Akaniambia niiandikie kamati barua ya kurekebisha. Niliiandika, nzuri, ya kurasa mbili, nikampelekea mama mdogo kwanza aione.

Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu alikuwa anakuna nazi. "Ataisoma nani?"

"Kamati."

"Kamati haijanicheka." Akanirudishia. "Wewe ulisema kwa mdomo. Kaseme kwa mdomo."

Nikaomba mkutano wa kijiji; mwenyekiti nilimweleza kwa simu, na kamati ikakubali kumrudishia mama mdogo kazi yake. Nilichagua Jumamosi kwa kalenda ya ofisini, siku isiyo na kazi nyingine, saa tatu asubuhi. Nilifika nikakuta viti vya plastiki vimepangwa mbele ya ofisi ya sheha. Alikuwepo sheha, mwenyekiti, na wanaume saba au wanane. Mwanamke hakuwepo hata mmoja.

Nikawauliza wako wapi.

Sheha alinitazama kwa huruma. "Leo bamvua, mwanangu. Wanawake wote wako mwambani."

Nina shahada mbili za bahari, na sikuutazama mwezi.

"Si kitu," akasema mwenyekiti. "Tueleze sisi, tutawafikishia." Alisema kwa upole. Nadhani na yeye alitaka jambo hili liishe, kwa sababu mkono ulioitungua mizani ulikuwa wake. Na mimi, nakiri, nilikaribia kukubali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kuwaambia wanaume wanane kwenye viti, kisha kupanda gari kurudi mjini, ningekuwa nimesema kwa mdomo kama nilivyoambiwa.

Nikaacha mkoba kwenye kiti nikateremka pwani.

Wa kwanza nilimkuta karibu, mama mtu mzima ameinama, uso karibu ugusane na maji.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sogea, kivuli chako kinamwingilia shimoni."

Nikasogea. Nikaanza kumweleza tangu mwanzo, grafu, namna namba zinavyotawanyika, nilivyofundishwa darasani. Aliendelea kuchokoa. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mama mdogo hakuandika uongo."

"Mimi najua. Jiwe langu mwenyewe lilikuwa humo." Akajiinua, mkono kiunoni, akaita upande wa pili, "Nyie! Mwalimu wa pweza kaja kutwambia kuwa tulikuwa tunasema kweli!"

"Kweli ya kilo ngapi?" ikaitikiwa.

"Muulizeni mwenyewe."

Nikaenda kwao. Walikuwa watatu pamoja. Safari hii sikusema habari ya darasa. Mmoja, msichana wa rika langu, aliyebeba nondo begani, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake. "Na hili analosema leo, nusu kilo?"

Wakacheka, na mimi nikasimama katikati ya kicheko chao nikingoja kiishe. Hakikuisha haraka.

"Mie huyu aliniharibia harusi," akasema wa tatu, mwembamba, mwenye pete ya fedha. "Mwanangu alipoposwa, upande wa pili waliuliza, hawa si ndo wale wa nusu kilo?"

Sikulijua hilo. Sikujua neno langu limetembea mpaka kwenye posa. Nilitaka kuuliza harusi ilikuwaje, ikafungwa au haikufungwa, lakini alikuwa ameshainama tena.

Nilikwenda kwa mmoja mmoja. Mwamba ni mkubwa, nao hawakai mahali pamoja. Nilijikata mguu, nikatumbukia mpaka mapajani mara mbili. Kila nilipofika kwa mtu maneno yangu yalikuwa yamepungua. Kwanza iliondoka grafu, kisha darasa, kisha "nilidhani", kisha "kwa bahati mbaya". Nilikuwa nimeshapita zaidi ya nusu yao ndipo nilipolisema neno lenyewe, kwa sababu nilikuwa nimechoka na halikubaki jengine: nilimsingizia. Mama mdogo aliandika kweli, mimi nikamsingizia. Kule hotelini nililiharibu jina lake kwa dakika kumi nikiwa nimekaa kwenye baridi. Huku kulisafisha kulinichukua maji yote, toka kupwa mpaka yakaanza kurudi.

Yeye alikuwa wa mwisho kabisa, ukingoni mawimbi yanapovunjikia. Alikuwa ameshasikia, maana sauti juu ya maji huenda mbali, na wenzake hawakuwa wakinong'ona.

"Mamdogo," nikasema. "Kamati wamekubali. Watakurudishia daftari na mizani."

"Silitaki."

"Ni haki yako."

"Haki yangu ndiyo, lakini silitaki." Akamkung'uta pweza mwilini mwake, mkono wa pweza umemng'ang'ania kwenye kiwiko, akautoa kikombe kwa kikombe. "Nikilishika tena, kila nikiandika ntakuwa naandika ili nikuonyeshe kuwa sisemi uongo. Zamani nilikuwa naandika tu."

Alimtia pweza kwenye pakacha, akanipa pakacha. Tukaanza kurudi, maji yakitufuata.

Diko watu walikuwa wameshajipanga. Kijana alikuwa juu ya ndoo, simu mkononi. Aliponiona alinyooka. Nikamwambia mbele ya wote aandike kile mizani inachosema, hata wakifanana wote. Akaitikia kwa kichwa, lakini kidole chake kilisita juu ya kioo kila mara, kinanitazamia mimi. Nikaenda kusimama nyuma ya kibanda, asinione.

Mama mdogo alikaa kwenye mstari kama wenzake. Zamu yake ilipofika alimtundika pweza, akarudi hatua moja nyuma.

Kijana akatazama mizani, akaanza kubonyeza.

"Sema kwa sauti," mama mdogo akamwambia. "Watu wasikie."

"Nusu kilo," akasema kijana.

Nyuma ya mstari mtu alicheka, mmoja tu, kicheko kifupi. Mama mdogo hakugeuka. Alimtungua pweza wake, akaenda naye kwenye jiwe kubwa lililo kando ya diko, akaanza kumpiga, kama anavyopigwa pweza yeyote ili alainike.